Baba Mdogo Alivyofurahi Kukosea

Mpunga uliolowekwa na kufungwa ndani ya jani la mgomba hutoa harufu ya uchachu mtamu, na nikiisikia narudi nyumbani Ndandalo, miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na magulio yakajaa vitu vigeni. Baba mdogo Ambakisye alikuwa amepunguzwa kazi chuo kikuu, alikofundisha falsafa ya sayansi. Watu walimwuliza falsafa hiyo inatibu nini. Akacheka, akasema mwanasayansi ni yule anayetaja mapema jambo litakalomfanya akubali kuwa amekosea. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliguna tu. Mama alisema shemeji yake amesomea ubishi.

Ndipo Mzee Shomari, mfanyabiashara wa Kyela mjini mwenye asili ya pwani, akatuletea mbegu mpya ya mpunga. Mama alitaka kuipanda shamba zima. Mafuriko yalikuwa yamebeba mavuno yetu, na mbegu ingekataa kuota tungelala njaa. Baba mdogo akachota kiganja, akaitazama, akatangaza kuwa imekufa.

"Mbegu yangu haishindwi, mwalimu," akasema Mzee Shomari. "Isipoota, mkulima ndiye mvivu."

"Ahaa! Ikiota ni wewe, isipoota ni sisi!" akadakia baba mdogo.

Mama akamgeukia. "Na wewe, shemeji? Ukiona nini utakubali umekosea?"

Majirani waliokusanyika uwanjani wakaangua kicheko. Baba mdogo akakuna kichwa, akaahidi kwamba ikiota atalima shamba hilo yeye mwenyewe, ingawa hakuwa ameshika jembe tangu ujana. Mama akailoweka mbegu ile, akaifunga kwenye jani, akaiweka karibu na mafiga. Jani lilipofunguliwa, karibu kila punje ilikuwa imechipua.

Sijaona mtu akifurahi vile. "Nimekosea! Ndaga, shemeji, ndaga!" alishukuru kwa sauti, kisha akaenda kumwomba radhi Mzee Shomari. Akalima mpaka mikono ikatoka malengelenge, wanawake wakimtania kutoka barabarani. Mama, hata hivyo, alipanda nusu ya shamba mbegu yetu ya zamani iliyonusurika mafuriko. Kuota si kuzaa, alisema. Tulivuna pande zote mbili, tukashiba. Mpunga mpya ulijaza magunia, ila chunguni haukunukia kama ule wetu wa zamani.

"Hilo hakuna aliyeliuliza," mama akasema, na baba mdogo akacheka kuliko sote.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo nami ni mzee wa kanisa, na simu zetu zimejaa watabiri wasioshindwa: mvua ikinyesha walisema, isiponyesha walisema pia. Vijana huniuliza kama elimu ya namna ile haiharibu imani. Nawajibu kwamba toba nilifundishwa kanisani, lakini furaha yake niliiona kwanza kwa baba mdogo. Na kwa yote mawili namshukuru Mungu.