Chupa Nne Nilizochanganya Maguu

Wewe unayenisikiliza, kama una mtoto mchanga na safari iko mbele yako, sogea karibu. Nitakueleza polepole, maana mimi nilifundishwa kwa haraka, na haraka ile hainitoki mwilini kila nikishika kopo la maziwa.

Mtoto sikumzaa mimi. Ni wa mdogo wangu, na wakati huo alikuwa na miezi mitatu. Mama yake alikuwa amelazwa Mbinga mjini baada ya upasuaji, na daktari alimwambia asinyonyeshe mpaka amalize dawa. Nikamchukua mtoto, nikaja naye nyumbani kwangu Maguu. Baada ya wiki mbili nilijiona fundi wa maziwa ya kopo. Kwetu ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Nilikuwa nachanganya chupa mapema, naiweka dirishani, mtoto akiamka naipasha kwenye bakuli la maji ya moto. Haikuwahi kunuka. Nikaamini ni ufundi wangu, kumbe baridi ya milimani ilikuwa inanibeba.

Kisha simu ikaja. Mama mkwe wangu amefariki, kule Ngumbo, mwambao wa ziwa. Mazishi kesho saa tisa.

Mkwe hakosi kumzika mama mkwe wake, na wa kumwachia mtoto sikuwa naye. Alfajiri nikachanganya chupa nne, nikazifunga kwa kitenge, nikazipanga kapuni. Kopo la unga wa maziwa nililisukuma chini kabisa ya begi, kama mtu anayebeba mwavuli kiangazi. Na chupa ya chai, ile ambayo ingebeba maji ya moto, niliijaza kahawa ya mume wangu na ndugu zake. Kahawa! Sisi watu wa Maguu tukisema safari, cha kwanza ni kahawa.

Tulianza kushuka. Kila kona sweta moja lilivuliwa. Chupa ya kwanza mtoto aliimaliza tukiwa bado juu, kwenye baridi. Ya pili nilimpa tukiwa tumeshaliona ziwa. Alivuta mara mbili tatu, akaisukuma kwa ulimi, kisha akanitapikia begani.

"Gari limemchosha," mume wangu akasema.

Nami nikataka iwe gari.

Tulifika msibani saa saba, jua limesimama utosini. Mume wangu akaenda kwa wanaume wenzake. Mimi nikabaki na mtoto anayelia, kapu mkononi, nikizunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikimlaza kivulini analia. Nikimbeba analia. Midomo yake ilikuwa imeanza kukauka.

Sasa uelewe taratibu za ukoo wa mume wangu. Maiti ikiwa ndani, jiko la nyumba halikokwi. Moto ni mmoja tu, nje, wa chakula cha waombolezaji wote. Juu ya moto huo kulikuwa na sufuria la usipa, wale dagaa wa ziwani, na mengine mawili yakingoja zamu. Aliyeshika mwiko ni wifi yangu, binti mkubwa wa marehemu.

"Wifi, pole sana. Naomba moto kidogo."

"Moto upi? Huoni masufuria yamepanga foleni?"

"Maji tu ya mtoto."

"Na hizo chupa zilizojaa kapuni ni mapambo?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akadakia, "Waacheni watu wa kahawa. Hata vitoto vyao vinachagua!"

Niliona aibu. Mkwe mzima, siku ya kumzika mama mkwe, anadai moto wake peke yake! Nikakaa chini, nikatoa chupa ya tatu, nikaipeleka mdomoni mwa mtoto.

"Hebu lete." Alikuwa shangazi wa mume wangu, bibi mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lete hiyo." Akafungua chuchu, akanusa, akakunja uso. "Umeichanganya lini?"

"Alfajiri, shangazi."

"Alfajiri ya wapi?"

"Ya Maguu."

"Basi iliishia hukohuko Maguu. Kwa jua hili letu, usipa ukitoka majini asubuhi, saa nne haujaanikwa, tunawarushia bata. Wewe kitu cha alfajiri unampa mtu?"

Akageukia moto, akaliepua sufuria la usipa kwa mikono yake mwenyewe. Wifi akafungua mdomo kusema.

"Waombolezaji watasubiri," shangazi akamkata. "Aliyelala ndani hana njaa. Huyu anayo."

Wifi akainuka. Aliniletea sufuria dogo, akalisugua kwa sabuni, akalinusa, akalisugua tena mpaka harufu ya samaki ikaisha. Nikamwaga chupa zote, nikaziosha, nikazichemsha pamoja na chuchu zake. Kisha nikachemsha maji mengine, safi. Nikanawa mikono. Maji yakiwa bado ya moto niliyamimina chupani kwanza, mpaka kwenye mstari, ndipo nikapima unga kwa kijiko cha kopo, nikikwangua juu kiwe sawasawa.

"Ongeza kimoja, mkwe. Hayo ni maji matupu."

"Hapana, shangazi, huu si uji. Unga ukizidi utamletea shida, na ukipungua hatashiba."

"Haya. Nimekufundisha jua, nawe umenifundisha kijiko."

Nikaitumbukiza chupa kwenye beseni la maji baridi ipoe. Hapo nyimbo zikaanza. Wifi akanigusa bega. "Wanamtoa mama. Twende."

Nikadondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Bado yanaunguza. Mtoto naye sauti ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Tangulieni," nikasema.

Uwanja ukabaki na mimi, mtoto na moto. Niliizungusha chupa ndani ya beseni, nikajaribu tone, nikazungusha tena. Nyimbo zilikuwa zinaelekea makaburini. Tone la nne halikuunguza. Akaidaka chuchu, akavuta bila kupumzika, macho yamenikazia. Alipomaliza nilimweka begani na kungoja atapike. Alicheua tu. Nikangoja tena. Ndipo nikakimbia naye makaburini.

Nilikuta kaburi limeshafukiwa nusu. Nikatupa konzi yangu ya udongo nimechelewa, nikiwa tayari kusemwa. Wifi akanisogezea nafasi kando yake, macho yake mekundu.

"Amekunywa?"

"Yote."

"Mama angekuuliza hilo kwanza."

Tulikaa Ngumbo siku tatu, na kila asubuhi wifi alinijazia maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai, kahawa ikahamia kwenye birika. Usiogope safari. Weka unga mkavu kwenye kopo lake na maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai iliyo safi. Changanya chupa moja tu, maji yakiwa bado ya moto, mtoto anapotaka kunywa. Ipoze, jaribu tone mkononi, mpe, na atakachobakisha kimwage hapohapo.