Kiti cha Mfanyakazi Bora

Winfrida alianza kuanika dagaa ufukweni mwa ziwa, kule Kibirizi, tangu enzi za kuanika mchangani, kuku wakijipitia humo humo. Mama Skolastika alipopata eneo lake na kujenga chanja za nyavu, mtu wa kwanza kumwajiri alikuwa Winfrida. Wengine walikuja baadaye. Elida alikuja mwisho kabisa, na aliyemleta ni Winfrida mwenyewe. Walikuwa wamepanga nyumba moja kule Gungu, akamwonea huruma binti wa watu aliyetoka Mwamgongo na hana kazi. Akamfundisha kuwatandaza dagaa wasilaliane na kuwageuza bila kuwavunja vichwa. Mchana walikula sahani moja, ugali wa muhogo na mboga ya mawese.

Kisha Mama Skolastika akaenda semina ya wajasiriamali, akarudi na jambo jipya.

"Nimefundishwa kwamba mfanyakazi lazima apewe motisha," aliwaambia. "Kila mwisho wa mwezi tutakuwa na mfanyakazi bora. Atapata doti ya kitenge, na wakati wa kuchambua atakalia hiki."

Akawaonyesha kiti cha plastiki, kipya, chenye mikono. Wote pale walikuwa wakichambua dagaa wamekalia ndoo zilizofudikizwa. Wengine walicheka. Winfrida hakucheka. Jioni alimwambia mumewe, Jeremia, "Atapewa nani kama si mimi?" Alikuwa ameshamchagua hata fundi wa kumshonea.

Akapewa Elida. Mwezi uliofuata, Elida tena.

Mara ya kwanza Winfrida alipiga vigelegele, ila alivikatiza katikati. Mara ya pili alijifanya anafunga gunia. Tangu hapo macho yake hayakutulia. Aliona jinsi Elida anavyoegemea kile kiti na kukunja nne. Aliona bosi anavyosimama kuzungumza naye. Usiku aliusikia kupitia ukutani wimbo Elida anaouimba akikunja nguo, akajiambia anaimba makusudi. Jumapili moja Elida alitoka na kitenge chake, kimeshonwa kikamkaa, na Jeremia, maskini hajui lolote, akasema, "Elida leo amependeza." Chai ya Jeremia siku hiyo ilikuwa haina sukari.

Winfrida akaanza kubeba chakula chake peke yake.

"Dada Winfrida, nimekukosea nini?" Elida alimuuliza.

"Watu wa viti hawakosei," alijibu, akaendelea kutafuna.

Sumu ile haikumkaa yeye peke yake. Zamani mvua ikinyemelea, akina mama waliinuka pamoja wakafunika chanja moja baada ya nyingine, bila kuuliza ni ya nani. Sasa kila mmoja alikuwa na chanja zake na turubai lake, na jicho lake lilikuwa kwa jirani.

Mchana mmoja mawingu yalitokea upande wa Kongo, meusi, na upepo ukaanza kuyachezea maturubai. Winfrida alifunika zake upesi. Mikono ilikuwa imezoea. Alipogeuka akamwona Elida anahangaika peke yake, upepo umempokonya ncha ya turubai.

"Dada Winfrida! Nishikie hapa!"

Hatua chache tu ziliwatenganisha. Winfrida aliinama akakaza kamba ambayo ilikuwa imekaza tayari. Elida akaita tena. Mvua ikashuka. Dagaa wa Elida, waliokuwa karibu kukauka, wakalowa chapachapa, na kesho yake walikuwa wa kutupa.

Mwisho wa mwezi Mama Skolastika alisema, "Nataka wote muwe macho kama Winfrida." Wakapiga makofi machache. Elida alipiga pia, bila kumwangalia.

Winfrida akakalia kiti. Kilikuwa kirefu kuliko ndoo, kwa hiyo maongezi yote yalipita chini yake. Elida alikuwa amerudi kwenye ndoo karibu na Mwanaima, mama wa Ujiji mwenye maneno mengi, wakinong'ona na kucheka hadi kufuta machozi. Winfrida aliwatazama, akasikia kitu kikimchoma kifuani kama zamani. Safari hii alikuwa anamwonea wivu aliyekalia ndoo.

Mvua nyingine ikaja, na kila mtu akakimbilia chanja zake. Chanja za mwenzao aliyekuwa ameenda kliniki zikalowa zote. Mama Skolastika akawaka. "Mko hapa wote, hakuna hata mmoja aliyeona?"

"Tuliona, bosi," alisema Mwanaima. "Lakini ukifunika chanja za mwenzio, unamfunikia kitenge, wewe ukikikosa."

 Baada ya siku kadhaa bosi akatangaza kwamba mwezi ukiisha bila dagaa kuharibika, wote watapata kitenge. Wakiharibika, hapati mtu. Kiti kikahamia stoo, kikawa cha wateja.

Jioni hiyo Winfrida alimfuata Elida njiani kurudi Gungu.

"Elida. Siku ile ulipoita nikushikie turubai, nilisikia."

"Najua," alisema Elida. "Uliinua kichwa kwanza, ndipo ukainama."

"Nilikuwa na wivu, mdogo wangu."

"Kwa kiti, dada? Ungeniambia ningekupisha ukikalie." Akaongeza mwendo, Winfrida akabaki nyuma na mfuko wake.

Haikuisha siku hiyo. Elida aliendelea kumsalimia kama anavyosalimiwa jirani yeyote, na kula na Mwanaima. Winfrida akawa anaanza kufunika upande wa Elida kabla ya wake, bila kuambiwa. Bosi akimsifu Elida, bado wivu humchoma Winfrida. Huutuliza, akaendelea kugeuza dagaa. Wiki iliyopita Elida alisogeza ndoo yake, akakaa ubavuni pake, akamuuliza kama muhogo wa sokoni umepanda bei. Winfrida alimjibu kwa kirefu, zaidi ya swali lenyewe lilivyohitaji.