Doto Alipokuja Kuhusu Fomu ya Kulwa

Usiku ule nililala kwenye mkeka sebuleni kwa dada yangu Kulwa, mlango wa chumba chake ukiwa wazi na mwanga wa kompyuta ukimulika ukuta. Kulwa ni mwalimu wa shule ya msingi. Mbele yake kulikuwa na fomu ya maombi ya shahada ya uzamili ya elimu. Alishaijaza yote, jina, vyeti, shule anayofundisha, ikabaki sehemu moja tu: achague mchepuo. Dirisha la maombi lingefungwa kesho yake saa sita mchana.

Jioni tulikuwa tumelizungumza tukila ugali na sato. Mimi niliishia darasa la tano, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhamahama, leo nachemsha chumvi, kesho napakia vitunguu. Lakini sijawahi kupita penye maandishi nisiyasome, wala penye mtu ajuaye kitu nisimwulize. Nikamwuliza kwa nini mtu asisome elimu yote kwa pamoja.

"Shija, wewe umeacha shule la tano, ila maswali yako yangemtoa profesa jasho," akasema Kulwa akicheka. "Elimu haimaliziki, mdogo wangu. Lazima uchague upande."

"Basi dada, chagua hisabati. Wewe hata chapati hukati kama watu. Unagawa kwa sehemu, robo, thumni."

Kicheko kikamwisha. "Nachagua Elimu Maalumu. Kwa ajili ya Doto."

"Sasa mbona hujabonyeza?"

Akakusanya sahani.

Doto alikuwa pacha wake wa kiume. Mimi nilizaliwa nyuma yao, ndiyo maana nikaitwa Shija. Masikio ya Doto yaliharibika kwa homa akiwa mdogo, na nyumbani tulizoea. Shuleni Kulwa alikaa naye dawati moja. Mwalimu wa darasa alipoita mahudhurio, Kulwa aliitika jina lake kwa sauti yake, na jina la Doto likifika aliinamisha kichwa na kutoa sauti nzito ya kiume, "Nipo!" Mwalimu alikuwa ameinamia daftari. Dada yangu aliifanya kazi ile vizuri mno, hata miaka minne ikapita na walimu wakijua Doto ni mzito wa kuelewa tu, si kwamba hasikii.

Kisha wenzao wakaanza kumwita Kulwa "Dume". Akaona haya, akaacha kuitika. Wiki ile Doto akaandikwa mtoro siku tano mfululizo, naye yumo darasani, anatazama ubao. Ijumaa akaitwa mbele, akaulizwa alikuwa wapi. Hakusikia swali, akatabasamu. Akachapwa kwa utoro, akachapwa tena kwa dharau. Hakurudi shuleni. Alikwenda kugonga kokoto, na miaka mingi baadaye lori likarudi nyuma pale machimboni. Watu walipiga kelele. Yeye aliendelea kugonga.

Nililala nikiwa na hayo kichwani.

Nikajikuta machimboni, jua limesimama utosini. Watu walikuwa wanagonga mawe kila upande, nyundo zinapanda na kushuka, wala sikusikia hata moja. Niliita. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Juu ya fungu la kokoto aliketi Doto, amevaa kaptula yake ya shule, lakini ana ndevu zilezile alizokuwa nazo siku aliyokufa. Akanipungia mkono. Nikapanda mpaka alipo, na nilipoketi kando yake, tumeketi kwenye dawati.

Mwalimu anaita majina. Naona midomo yake tu. Watoto wanacheka, nami sijui wanacheka nini, natazama nyuso zao nibahatishe kama nami nicheke. Nacheka. Nimechelewa, wenzangu wamekwisha kunyamaza.

Kulwa yuko mbele, ubaoni, mtu mzima kama alivyo sasa. Anaandika sehemu za hisabati, nusu, theluthi. Amembeba mtu mgongoni kwa khanga, na miguu ya mtu huyo inaburuta sakafuni. Ni Doto. Doto yuko kando yangu na Doto yuko mgongoni kwa Kulwa, wala sishangai. Kila akiinua mkono kuandika, mzigo unamvuta nyuma, chaki inateleza, mstari unakwenda upande. Anafuta. Anaanza upya. Jasho linamdondoka kidevuni.

"Unamwona?" Doto ananiuliza.

Sauti yake ndiyo pekee ninayoisikia. Ni sauti safi, kila neno limekamilika. Alipokuwa hai hakuwahi kutamka namna ile.

"Namwona."

"Mwambie anishushe."

"Nani atawafundisha walio kama wewe?"

"Awafundishe anayewapenda. Yeye ananiogopa." Ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekufa. "Mwambie pia, sikuacha shule kwa sababu yake. Niliacha kwa sababu fimbo iliuma."

Dawati limekuwa kokoto tena, zinanichoma mapajani. Najua muda ni mfupi, nami nina swali nililolibeba mji hadi mji, nisipate wa kumwuliza.

"Doto, lile lori. Hukujua kabisa?"

Anainama, anaweka kiganja chake chini, kwenye vumbi.

"Nililihisi," anasema. "Nilidhani linaondoka."

Nyundo zote zikasikika kwa pamoja. Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Kulwa alikuwa bado kitini, na nguo za jana. Nikamweleza yote kama nilivyoyaona, isipokuwa la lori. Lile nilibaki nalo.

"Alisema namwogopa?" akauliza.

"Alisema hivyo, dada."

Akaisukuma kompyuta kando. Halafu akasema, polepole, "Nina mtoto darasani kwangu. Nimemweka mstari wa mbele. Masikio yake ni kama ya Doto. Mwaka mzima namwandikia kila kitu kwenye karatasi, namsogezea, naondoka. Sijawahi kumtazama usoni, Shija. Hata siku moja. Na yule husoma midomo."

Akanigeukia.

"Mtu kama mimi ndiye aende akawe bingwa wa watoto hao?"

"Ndoto ni ndoto tu, dada. Uamuzi ni wako."

"Usijitoe. Umetumwa, umefikisha."

Akaivuta kompyuta. Niliona kidole chake kikishuka kwenye orodha, kikasimama muda mrefu kwenye Elimu Maalumu, kisha kikateremka mpaka Ufundishaji wa Hisabati. Akabonyeza. Akatuma. Ilikuwa bado asubuhi sana, saa sita iko mbali.

"Leo nikifika nitamtazama," akasema. "Nitakaa mbele yake, nitamtazama."

Alitaka kuinuka akaoge, akashindwa. Akalaza kichwa mezani. Siku tuliyomzika Doto, Kulwa hakulia. Alihudumia wageni, akapanga viti, akahesabu sahani za jirani zisipotee, watu wakamsifu kwa ujasiri. Sasa alilia kwa sauti hata jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Nikatoka nje nikamwambia jirani kuna msiba. Akauliza wa nani, lini. Nikamwambia, wa kaka yetu, leo.