Sufuria ya Pembeni

Kila mji ninaofika nakula kwa mama lishe, na huwa nachungulia masufuria kabla sijakaa. Leo hapa Kasulu nimenusa ndizi zinazochemka bila mawese, na nikajikuta Kibondo, jikoni kwetu.

Mama alikuwa ametoka hospitali, amekatwa kipande cha utumbo kwa sababu ya saratani. Muuguzi alimwambia ale kidogo kidogo, vitu laini vyenye nguvu: ndizi za kuponda, yai, samaki. Maharage yasubiri. Shangazi alikuja kumpikia, katika sufuria ya pembeni, ya mama peke yake. Kwetu chakula kinachopikwa pembeni hakiaminiki, na mama hakuelewana na wifi yake tangu aolewe. Siku mbili hakula. Mifupa ya mabega ikaanza kutokeza.

"Onja wewe kwanza," aliniambia.

Nikaonja. Ndizi zilikuwa za moto, laini, bila mawese, chumvi haba. Nilipoinua kichwa, shangazi alikuwa mlangoni, ameona yote.

Kesho yake alipika ndizi zile zile katika sufuria kubwa, akatupakulia wote sinia moja.

"Dada, na sisi tumepasuliwa?" baba aliuliza.

"Kula. Ukitaka maharage, nenda kwa jirani."

Mama alicheka kidogo, mkono tumboni. Shangazi alimega tonge la kwanza, akameza. Baba akameza. Mama alishika tonge lake karibu na mdomo, akanitazama, akasubiri na mimi nimeze.