Ng'ombe Wangu Amekula Roketi

Jamani, shule niliishia darasa la pili, lakini panga nalijua. Juzi alfajiri nilikuta gogo la mgomba kando ya zizi, limechongwa ncha, limechomekwa vipande vya boksi. Nikasema, watoto hawa wanachezea mpaka chakula cha ng'ombe! Nikalikatakata, ng'ombe akala lote, nami nikaenda zangu misa.

Kutoka misa nikapitiliza shuleni, kitenge kipya kiunoni. Mjukuu wangu Neema alikuwa aonyeshe mashindanoni roketi aliyoihangaikia wiki tatu. Mshindi angepelekwa uwanja wa ndege kuziona ndege kwa karibu. Nikamkuta analia, roketi imeibiwa.

Nikasimama mbele ya wazazi wote. "Aliyeiba, mkono wake ukauke!"

"Bibi, tulia kwanza," mwalimu akasema. "Neema, ilikuwaje hiyo roketi?"

"Ya mgomba, mwalimu. Ina ncha, na mabawa ya boksi. Niliiacha nje gundi ikauke."

Mdomo wangu haujui kunyamaza. "Kando ya zizi?"

Watu wakaangua kicheko. Neema hakucheka. Akanitazama.

"Bibi, umempa ng'ombe?"