Jumamosi za Kuunganisha Vitabu

Tulikuwa wanne mezani, nyumbani kwangu, mtaa wa Muthangari. Binti yangu wa mwisho. Mwenzake wa kazini, mama wa mapacha, aliyekuwa amepanga nyumba mtaa wa Kileleshwa. Kijana Singasinga, mwenzao wa tatu, mtoto wa jirani wa ng'ambo ya ua. Huyo nilimjua tangu hana meno. Na mimi mwenye chai. Majina ninayo yote, hata la mbwa wa jirani, ila leo nimeyaacha mlangoni.

Kazi yao ilikuwa kuandika vitabu vya kufundisha watu kutumia programu za kompyuta. Wiki hiyo wawili wao walirekebisha sura moja, kila mmoja kwa kompyuta yake, na ya mwenzake ilipowekwa juu, kazi ya binti yangu ikafutika. Basi wakaja kwangu kugombana kwa nafasi.

"Kila mtu awe na tawi lake, nakala yake mwenyewe," kijana akasema. "Aandike mpaka amalize, tuunganishe mwisho."

"Mwisho tutalia wote," binti yangu akamjibu. "Tubaki na shina moja, nakala moja ya wote. Kila wiki tulete tulichoandika, tuunganishe tukiwa pamoja."

"Pamoja wapi? Jumamosi ofisi imefungwa."

Nikasema, "Hapa."

Kijana akanigeukia, akaniita bibi kama alivyozoea tangu utotoni. "Shosho, kwani wewe unajua haya mambo?"

"Sijui. Najua hapa kuna nafasi."

Binti yangu akacheka. "Mama, unachagua njia ya kazi ama unachagua wageni?"

"Wageni."

Mzee wangu tulikuwa tumemzika mwaka huo. Nyumba ilinyamaza mpaka nikawa nasikia kikohozi changu kikirudi.

Mama wa mapacha akasema shina moja ni sawa, bora kuwe na chapati. Yakaisha hapo. Wakawa wanakuja kila Jumamosi, wanasomeana kwa sauti: "Hapa umebadilisha nini? Nani alikwambia utoe?" Mimi jikoni nasukuma, nawasikia.

Halafu intaneti nzuri ikafika majumbani. Shina likabaki lilelile, ila kila mtu akaweza kulifikia akiwa kwake. Binti yangu alinieleza polepole, kama anayeleta habari ya msiba, kwamba kuunganisha hakutaki meza tena. Nikamwambia ni vizuri, mtaokoa nauli. Jumamosi iliyofuata nikakanda unga wa watu wanne.

Sasa ninyi watatu, mkiisoma hii, labda aliyetaka matawi ni mama wa mapacha, si kijana. Labda siku ile ya kwanza yalitajwa maandazi, si chapati. Nikiwa nimekosea, njooni mnirekebishe. Simu siisikii vizuri. Njooni Jumamosi.