Daftari za Kitwitwi

Bi Zubeida alianza kusoma daftari za marehemu mumewe siku ya tano ya eda, kwa sababu machozi yalikuwa yamemkauka na hakuwa na la kufanya. Mjane hatoki nje miezi minne na siku kumi, na nyumba yao ya Mji wa Kale ilikuwa na madirisha mengi kuliko watu.

Abdulghafur alikuwa karani wa bandari. Kwa miaka thelathini, kila akitoka msikitini alfajiri alikwenda Mbaraki, nyuma ya Ganjoni, kutazama ndege kwenye matope, kisha akaandika. Mwaka wa kwanza alimwomba mkewe wafuatane. Zubeida alicheka mpaka chai ikampalia. "Mtu mzima hovyo," akamwambia. Hakuombwa tena.

Sasa alisoma. Ikiwa leo ni tisa Januari, basi alisoma tisa Januari zote, mwaka baada ya mwaka. Na utamu ulimkolea, wala sikufichi. Kulikuwa na kitwitwi mmoja, ndege mdogo wa ufukweni, aliyevunjika mguu: "Bado yuko." "Bado yuko." Wiki sita nzima. Siku tupu Abdulghafur aliandika, "Leo hakuna." Wakati mwingine Zubeida alicheka, akageuka amwambie mtu, akakuta kiti.

Kumbe kitwitwi ni wageni. Huja Agosti, na Aprili hurudi kwao kaskazini. Katika daftari zote hakuna mwaka walioonekana baada ya tarehe ishirini na sita Aprili. Zubeida akatazama kalenda ya ukutani: eda yake ingekwisha ishirini na nane. Akamwomba Mungu wachelewe mwaka huu tu, naye awaone japo mara moja.

Tarehe ishirini na saba jirani yake Manar alirudi kutoka Lamu, alikokwenda kumlea bintiye aliyejifungua.

"Kesho natoka eda," Zubeida akamwambia.

Manar akahesabu kwa vidole. "Kesho? Eda ni kwa mwezi mwandamo, dadangu, si kwa kalenda ya bandari. Yako imekwisha juzi."

Zubeida akageukia kalenda ya ukutani. Wajane wangapi wa mtaa ule amewahesabia eda yeye mwenyewe, na hakukosea hata mmoja. Lakini miezi minne hii alikuwa akiishi kwa tarehe za Abdulghafur.

Asubuhi alipanda tuktuk mpaka Mbaraki. Maji yalikuwa yamekupwa. Kunguru wawili waligombania kichwa cha samaki, na zaidi yao hapakuwa na kitu. Alikaa mpaka jua likamchoma utosi, na alijiona mpweke kuliko siku jeneza lilipotolewa mlangoni.

Kisha akafungua daftari la mwisho. Chini ya mwandiko wa mumewe palibaki nafasi kidogo. Akaandika tarehe, akafikiri, akaandika: "Nimekuja. Leo hakuna."